Mguu Mmoja Umefura

Wanangu mnaoanza kazi ya ukunga, leo sikuja kuwachekesha. Nimekuja kuwatia hofu, ile hofu ya kufaa, inayomfanya mtu afunue shuka atazame kwanza kabla hajaanza maneno. Mimi nimestaafu. Magoti hayanisikii tena, na nikiinama kuokota kitu huwa natafuta na kazi nyingine ya kufanya huko huko chini kabla sijapata taabu ya kuinuka. Lakini nikiikumbuka alasiri ile ya Kojani, mwili unanisisimka kama vile ni leo.

Wala sikuwa mgeni wa mambo. Nilishazalisha ndani ya gari la abiria baina ya Konde na Wete, akazimia dereva, mama mzima wa afya. Nilishapokea mtoto aliyetanguliza makalio huku mama yake akinitukana matusi ambayo sijayasikia tena mpaka leo, na siku ya pili akaja kuniomba radhi na sahani ya halua. Nilijiona nimemaliza kuona. Mtu akiwaambia hivyo mnyamazieni tu, hajui asemalo.

Kabla sijafika Kojani, niwaambie habari ya damu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilimshika mkono mtu mzima mbele za watu.

Wakati nikiwa binti kama nyinyi, mkuu wa wodi yetu ya wazazi alikuwa Bi Thuwaiba. Mrefu, mkavu, miwani imeshuka puani, sauti haipandi hata siku moja. Ukikosea hakugombezi. Anakutazama tu, nawe unatamani angekugombeza. Mama akitokwa na damu nyingi, Bi Thuwaiba alikuwa akichukua damu kidogo anaitia katika kijichupa kitupu cha kioo, anakifumbata kiganjani kipate joto la mwili, na huku anaendelea kutoa amri kwa mkono wa pili. Leta maji, sugua tumbo, tundika dripu. Kisha anafungua kiganja, anakiinamisha kile kijichupa taratibu. Damu ikikaa imeshikana kama maziwa yaliyoganda, anashusha pumzi. Ikimwagika kama maji, uso wake unabadilika, na sote tulijua kwamba hapo hapana tena kungoja.

Siku moja kazi hiyo alipewa mwenzangu Mosi. Akachukua damu, akafumbata, tukangoja. Haikuganda. Tukangoja tena. Haikuganda. Basi hapo wodi nzima ikaingia baridi, mmoja anasoma dua, mwengine anakimbilia daktari, na mama mwenyewe kitandani ameshaacha kutokwa na damu, anauliza chai yake iko wapi. Bi Thuwaiba akaja, akakichukua kile kijichupa kwa Mosi, akakigeuza. Kilikuwa cha mfuniko wa zambarau, kile cha maabara, kinachotoka kiwandani na dawa ndani ya kuzuia damu isigande. Akamwambia kwa sauti ile ile ya chini, "Mwanangu, hii utaingoja mpaka Israfili apulize parapanda." Mosi mpaka leo tukikutana namuuliza damu imeshaganda.

Kijichupa kisiwe na kitu ndani. Hilo limesahaulika sana siku hizi kwa sababu mna mashine, na mashine nzuri, lakini umeme ukikatika mtabaki na kiganja.

Bi Thuwaiba ndiye aliyetufundisha kwamba damu ya mwenye mimba si ile aliyokuwa nayo akiwa mwari. Kondo la nyuma likibanduka, pale lilipokuwa limeshika panabaki mishipa iko wazi, na mwanamke angeweza kumwagika akamalizika palepale. Mwili unalijua hilo tangu mapema. Kwa hiyo miezi yote ya mimba unaongeza vile vitu vinavyogandisha damu, na vile vinavyoizuia isigande au kuiyeyusha ikishaganda unavipunguza nguvu. Siku ya kuzaa inamkuta mama damu yake iko tayari kuziba. Nilipoyasikia haya mara ya kwanza nilisema Subhanallah, nikadhani somo limekwisha.

"Halijesha," akasema Bi Thuwaiba. "Mtoto akishatoka, damu haiambiwi kwamba kazi imekwisha. Inabaki vile vile kwa wiki kadhaa, iko tayari kuganda, na hapana tena pa kuziba. Basi ikipata mahali imetulia, inaganda huko huko."

Tukamuuliza inatulia wapi. Akatuonyesha mguu. Tena wa kushoto ndio zaidi, kwa jinsi mshipa wake unavyobanwa huko kwenye nyonga.

Hofu ya mama kutokwa na damu tunayo sote, kwa sababu damu inaonekana, inamwagika, inaita watu. Hii nyengine haionekani. Mama ameshapewa ruhusa, amekwenda kwao, wewe umeshamsahau, na damu yake inaganda kimya kimya ndani ya chumba chenye mapazia. Nilikuwa nikiyajua haya kwa kichwa miaka yote ya kazi. Kuyajua kwa macho nilikuja kuyajua nimeshastaafu.

Dada yangu mkubwa, Bi Asha, aliolewa Kojani, na mwanawe Hamad ni mvuvi. Mke wa Hamad, Maryam, alijifungua mtoto wa kiume kwa operesheni, akakaa hospitali, akarudishwa Kojani kwa mama mkwe wake salama. Hamad mwenyewe alikuwa dago, yaani huko wanakopiga kambi wavuvi, mbali, simu inashika ikitaka. Mimi nikangoja apoe kidonda, kisha nikafunga safari kwenda kumtazama mzazi. Nilichukua kuku wawili, pilipili manga, doti ya kanga na sabuni za mtoto. Nikavuka maji, maana Kojani ni kisiwa.

Nilipofika mlangoni nikapokewa na joto. Dirisha limefungwa, pazia juu yake, na moshi wa udi na mvuje umejaa mpaka nikakohoa. Maryam yuko kitandani amefunikwa, kitambaa cha mkaja kimemfunga tumbo, mtoto ubavuni.

"Asha, mzazi huyu mmemlaza au mmemuoka?" nikamwambia dada yangu.

"Nyamaza weye, mambo ya hospitali yaache huko huko," akacheka. Kisha akasema kwa kujivunia, na wenzake wawili watatu waliokuwepo wakimsikia, "Mkwe wangu huyu tangu alipokuja hajakanyaga sakafu. Kila kitu namletea miye hapa hapa. Hata haja namletea ndoo."

Wanangu, alikuwa akijisifu, na kwa mila zetu alistahili sifa. Mama mkwe ambaye mkwewe hakanyagi sakafu arubaini nzima ni mama mkwe wa kutajwa. Mimi lakini nilihisi kitu kimenigusa moyoni. Mwanamke amepasuliwa, hatembei, yuko ndani ya joto, na maji anapewa kidogo kidogo kwa kuwa wanaogopa yatamlegeza tumbo. Nikawa najiambia, Zuwena, umekuja kwa hongera, usianze. Nikamuuliza Maryam hali. Akasema njema, alhamdulillahi, kwa sauti ndogo. Nikadhani ni haya.

Ndipo akaingia Bi Mize.

Bi Mize ndiye mkandaji wa Kojani. Mwanamke mfupi, vidole vinene, na sifa zake zimefika mpaka Konde. Akishika mgongo wa mzazi, mzazi analala hapo hapo. Alibeba beseni la maji ya moto yenye majani na chupa ya mafuta ya nazi. Tukaamkiana vizuri, akaniuliza wanangu mmoja mmoja kwa majina, nami nikamuuliza hali yake. Akakaa kitandani upande wa miguuni, akafunua shuka.

Sikuamini nilichokiona. Mguu wa kulia wa Maryam ulikuwa mguu wa msichana, mwembamba, wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa kama umeazimwa kwa mtu mwengine. Umefura kutoka kwenye paja mpaka kifundoni, ngozi inang'aa, rangi imegeuka inaelekea samawati. Nikasogea nitazame kwa karibu.

"Tumbo siligusi, lina mshono," Bi Mize akawa anasema, anajimiminia mafuta kiganjani. "Basi nguvu zote nimezipeleka miguuni. Huu umeingia baridi. Jana nimeukanda mpaka nikachoka, leo naona umezidi. Leo ntaitoa, nnamkanda kutoka chini kwenda juu."

Akasugua viganja, akainama. Nami kabla sijajua nafanya nini nimeshamshika kiwiko cha mkono.

"Usiuguse, Bi Mize."

"Nisiuguse nini?"

"Mguu huo. Usiukande."

Bi Mize akautazama mkono wangu ulivyomshika, kisha akanitazama mimi. "Bi Zuwena," akasema pole pole, "nyiye hospitali mwampasua mtu, mwamshona, mwamwachia. Akishatoka huko ni wangu miye. Hebu nambie, uzazi wako wa kwanza nani alokuja Konde kukukanda?"

"Ni weye."

"Ulikufa?"

"Sikufa."

Wanawake wakacheka, na dada yangu akanivuta kanga, ananiambia kwa meno, "Zuwena, usinitie aibu katika nyumba yangu."

Nikaona kwa mdomo sishindi. Nikachana ukanda mwembamba wa kanga kuukuu iliyokuwa hapo, nikauzungusha kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto, bila ya kukaza, nikafunga fundo. Nikauvua taratibu nikautia mguu wa kulia, mahali pale pale. Ulining'inia. Vidole vyangu vilikuwa vinapita ndani. Mfanye hivyo hivyo nanyi mkikosa kipimo, chaneni chochote kilicho karibu. Miguu yote miwili kuvimba baada ya kuzaa ni mambo mengine, nayo yana vipimo vyake. Mmoja peke yake ukifura, hapo acheni mazungumzo.

"Ndani ya mshipa wa mguu huu kuna pande la damu limeganda," nikawaambia.

"Si ndiyo nataka nilikande liyeyuke," akajibu Bi Mize.

Lisikilizeni jibu hilo, maana mtalisikia tena mahali pengine. Halikuwa jibu la mjinga. Kitu kimeganda, unatia maji ya moto na mafuta, unasugua, kinayeyuka. Samli inayeyuka hivyo. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema vile, na mikono yake yote miaka yote imemfundisha vile.

"Haliyeyuki," nikasema. "Linang'oka."

"Liking'oka lenda wapi?"

"Linapanda na damu mpaka kwenye mapafu. Likiziba huko, mtu anakata pumzi hapo hapo."

Bi Mize akatikisa kichwa, akachovya kitambaa ndani ya beseni. Kwa kweli hakuniamini, na dada yangu hakuniamini, na mimi nilishaanza kufikiria kulala juu ya mguu ule ikibidi. Ndipo Maryam aliposema. Alikuwa akitazama dari.

"Mama mdogo, tangu asubuhi kifua kinanichoma nikivuta pumzi."

Nikamgeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa mama ataona najidekeza. Nikadhani nimelala vibaya."

Nikamshika mkono kutafuta mapigo. Yalikuwa yanakwenda mbio, na yeye amelala kitandani hakuna alichofanya. Nikaanza kumwambia dada yangu atafute watu wa kubeba, na huku nimejiandaa kwa ugomvi wa pili. Lakini ugomvi haukuja. Bi Mize aliliweka beseni chini. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, wanangu, hata leo sijui niielezeje, uso wa mtu mweusi kugeuka jivu.

"Rudia ulivosema," akamwambia Maryam.

"Kifua kinanichoma nikivuta pumzi."

Bi Mize akaanza kujifuta mafuta mikononi kwa kanga yake mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kuyatoa mpaka ndani ya ngozi. Kisha akasema, "Mtoeni. Mtoeni sasa hivi."

Dada yangu akashangaa. "Bi Mize, mzazi hajatimiza arubaini. Avuke maji?"

"Avuke."

Hakuna aliyebisha. Huyu ndiye aliyekuwa akiwagombeza watu wakimtoa mzazi hata uani, na sasa anasema avuke bahari. Mimi mwenyewe nilishtuka kuliko wote, lakini sikuwa na wasaa wa kuuliza. Tukamlaza Maryam kwenye godoro amenyanyuliwa kichwa na mabega, wanaume wa jirani wakabeba, wanawake wakamsitiri kwa kanga mpaka ufukweni. Mtoto akachukuliwa na bibi yake. Simu ya Hamad haikushika. Dada yangu akasema, "Akirudi akiwa na neno ataniambia miye," na kwa maneno hayo mimi namheshimu mpaka kesho.

Wakati tunavuka nikapiga simu hospitali. Hapa pia mniige. Usiseme tunaleta mzazi anaumwa mguu, watakwambia njoo foleni. Nilisema, mzazi wa operesheni, mguu mmoja umefura, kifua kinachoma, mapigo mbio, andaeni oksijeni. Ng'ambo tukapakia gari, na tulipofika hospitali lilifunguliwa milango kabla halijasimama. Bi Mize alikuja nasi, hakuna aliyemwalika wala aliyemzuia. Njia nzima alikishika kichwa cha Maryam mapajani mwake, na kila gari likiruka anautazama ule mguu, lakini hakuugusa hata kwa ncha ya kidole.

Daktari alikuwa kijana, na nilimpenda kwa sababu hakungoja. Alimtia oksijeni, akampiga sindano ya heparini, ile ya kuzuia damu isizidi kuganda, kabla vipimo havijakamilika, kisha ndipo akampeleka kwenye altrasaundi. Akaniita nitazame. Alikuwa akiubonyeza mshipa kidogo tu kwa kile kifaa, na ule mshipa mkubwa wa nyonga, unaopaswa kubonyea kama mpira laini, haukubonyea. Ulikuwa umejaa. Pande refu, limelala mle ndani.

"Kilichopanda mapafuni naona ni kidogo," akaniambia. "Kilichobaki ndicho kikubwa, bibi. Leo mlikuwa mnamkanda?"

"Tulikuwa tunataka," nikasema.

Akanitazama, akarudi kwenye kifaa chake. Nami nikatafuta pa kukaa. Nilikuwa nikiiona ile mikono yenye mafuta inavyoinama. Ningechelewa chombo kimoja cha kuvuka, basi. Ningekaa nje nikanywa kahawa na dada yangu kwanza, basi.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na Bi Mize. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza, kumwambia asione vibaya, kwamba hakuna aliyemlaumu. Nilikuwa na maneno mengi, kama kawaida yangu. Yeye akanitangulia.

"Bi Zuwena, wamkumbuka Rukia wangu?"

Nani asiyemkumbuka. Binti yake wa pekee. Alifariki katika arubaini yake ya kwanza, ghafla, zamani, na sote tulikwenda mazikoni. Watu walisema amekumbwa, jini wa bahari kampenda, kwa sababu alikuwa mzima wa afya, anacheka na watu, mara akaanguka akakata roho. Nami nilisimama kwenye msiba ule na sare yangu nyeupe, nikasikia hayo, na sikuwa na jengine la kusema, maana sikuwepo na hakuna aliyeniita.

"Alisema vivyo hivyo," akasema Bi Mize. "Maneno yale yale. Mama, kifua kinanichoma nikivuta pumzi. Nikamwambia ni riahi, upepo tu, lala ntakukanda. Na mguu wake ulikuwa umefura. Huu huu wa kushoto."

Sikuweza kugeuza shingo kumtazama.

"Miaka yote nasema bahari ilimchukua mwanangu," akaendelea. "Nikaacha hata kula samaki wa upande ule. Kumbe nilikuwa nnamkanda miye."

Nilikuja kuokoa mmoja, na bila kujua nilikuwa nimemwambia mama mtu, mbele ya wanawake wa mtaa wake na ukanda wa kanga mkononi, jinsi mwanawe alivyokufa. Lile neno "linang'oka" lilitoka kinywani mwangu. Sikujua linakwenda kutua wapi.

Akaniuliza, "Ilikuwa mikono yangu?"

"Sikuwepo, Bi Mize. Sikumpima Rukia. Na pande la damu hung'oka hata kwa asiyekandwa. Mtu akijigeuza kitandani tu, akiinuka kwenda chooni tu, lang'oka lenyewe."

"Hayo ya kweli au wanipoza?"

"Ni ya kweli." Na ni ya kweli, sikumdanganya. "Lakini ukiniuliza Rukia ilikuwaje, sijui. Na hakuna anayejua."

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea kitu kizito na anatafuta namna ya kukibeba. Hakulia. Muda si mrefu nesi akatoka akauliza jamaa wa Maryam ni nani, na aliyesimama kwanza alikuwa Bi Mize.

Maryam yupo. Alichomwa sindano za tumboni kwa wiki nyingi huku ananyonyesha, kwa kuwa dawa ile haina neno kwa mtoto, na Hamad aliporudi alikuwa na neno moja tu la kumwambia mama yake, ahsante. Mguu ule mpaka sasa ukifika jioni unamjaa kidogo, na anajua kwamba mimba ya pili, akijaaliwa, maneno yake ya kwanza kliniki yawe haya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria ile arubaini yetu. Wiki zile zile Bi Thuwaiba alizosema damu bado iko tayari kuganda, wazee wetu walishazitia alama zamani kwamba mzazi yuko hatarini, asiachwe peke yake, ahudumiwe. Muda waliujua. Walipokosea ni kumlaza. Basi mkiwapa wazazi ruhusa, msiwaambie "nenda kapumzike" mkaishia hapo, maana sisi tukisema hivyo wao wanasikia asikanyage sakafu. Waambieni mzazi ahudumiwe, apikiwe, asinyanyue kitu, lakini atembee humo humo ndani ya nyumba, anywe maji ya kutosha, miguu yake itazamwe yote miwili, na pumzi ikimchoma aletwe, arubaini imetimia au haijatimia. Semeni hayo akiwepo mama mkwe. Akikosekana mama mkwe, mmesema na ukuta.

Na mkifika kwa mkandaji, ingieni pole pole. Hilo ndilo lililonileta kwenu. Mtakuwa na karatasi zenu na picha za mishipa, mtataka kumwambia asikande mguu uliofura, kisha mpande gari murudi. Kaeni kwanza. Muulizeni amekanda wangapi, na muulizeni kama yupo aliyempoteza. Kwa sababu mnachomwambia hakianzi leo. Kinarudi nyuma mpaka kwa kila mmoja aliyelala mbele yake, na huenda mmoja wao ni wake.

Bi Mize hajaacha kazi. Nilidhani ataacha, na ningemwelewa. Anakanda migongo, anakanda mabega, na kabla hajamgusa mzazi anatoa ukanda wa kanga anaufunga huku na huku. Na mara moja moja simu yangu inalia. Hanisalimii, yeye ambaye zamani salamu zake hazikuwa na mwisho. Nasikia tu anavyohema, kisha anasema, "Bi Zuwena, nnaye mzazi hapa, mguu mmoja umefura." Nami kabla sijauliza lolote ananijibu, kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe na mwengine zaidi yangu.

"Sijaugusa."